Ubao Uliojificha Ndani ya Paketi ya Maziwa

Chukua paketi tupu ya maziwa, zile za boksi ambazo maziwa yake hukaa kabatini miezi kadhaa bila friji. Ipasue kwa mkasi, ioshe, kisha iloweke kwenye maji ya vuguvugu usiku kucha. Asubuhi ishike pembeni uivute taratibu. Itaachana tabaka kwa tabaka: karatasi nene iliyolainika, utando wa plastiki unaopitisha mwanga, na ngozi nyembamba ya alumini iliyogandamana na utando mwingine wa plastiki. Kwa uzito, karibu robo tatu ya paketi hiyo ni karatasi, sehemu moja ya tano ni plastiki, na asilimia tano hivi ni alumini. Unene wa alumini hiyo haufiki hata sehemu moja ya mia ya milimita.

Vitu hivi vitatu vinatosha kutengeneza ubao. Ninazungumzia bodi kamili ya futi nne kwa nane, ya kugawia vyumba, ya makabati na milango ya ndani, inayokatwa kwa msumeno na kushika skrubu. Katika mji wa Des Moines, jimbo la Iowa nchini Marekani, kiwanda kilichoitwa ReWall kiligandamiza paketi za vinywaji kuwa bodi za kuta. Brazil hutengeneza vigae na karatasi za kuezekea kutokana na plastiki na alumini ya paketi hizo hizo. Huku kwetu nyingi huishia jalalani au huchomwa nyuma ya nyumba. Nataka tuelewe, kuanzia chini kabisa, kwa nini paketi inaweza kuwa ubao, na kwa nini ubao huo unafaa sana mahali fulani na ni hatari mahali pengine.

Tuanze na mti uliosimama. Mti hauna mifupa. Kinachousimamisha ni mirija midogo mno, mamilioni kwa mamilioni, iliyopangwa kufuata urefu wa shina. Kuta za mirija hiyo zimefumwa kwa selulosi, yaani minyororo mirefu ya molekuli za sukari zilizoungana moja baada ya nyingine, na katikati ya minyororo hiyo imejaa lignini, ambayo ndiyo gundi ya mti. Selulosi ni karibu nusu ya uzito wa mbao kavu, lignini ni robo hivi. Ukiivuta selulosi kwa urefu wake hukataa kurefuka, lakini ukiisukuma ikiwa peke yake hujikunja. Lignini haipendi kuvutwa, ila hukaa katikati na kuizuia minyororo isijikunje. Mmoja anabeba mvuto, mwenzake anamzuia asipinde na kuhamisha mzigo kwa jirani. Waliojenga nyumba za fito na udongo waliijua kanuni hii kwa mikono yao: fito hubeba mvuto, udongo huzishika mahali pake na kupeleka mzigo kutoka ufito hadi ufito.

Mirija yote ya mti imeelekea upande mmoja, na hapo ndipo zinapotoka tabia zote za mbao ambazo kila seremala anazijua. Ubao hupasuka kirahisi ukifuata nyuzi zake na hukaidi ukiukata kwa kukingama. Hewa ikiwa na unyevu, ubao hutanuka kwa upana huku urefu wake ukibaki karibu vilevile, kwa sababu maji huingia kati ya minyororo ya selulosi na kuisukuma iachane, lakini hayawezi kuirefusha minyororo yenyewe. Mbao zilizokaa Mombasa au Tanga, hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 80, hutulia zikiwa na maji kiasi cha asilimia 16 ya uzito wake mkavu. Zipeleke mahali penye unyevu wa asilimia 40, zitashuka hadi asilimia 7 au 8. Mlango unaokwama wakati wa masika na kulegea kiangazi unafuata hesabu hiyo tu.

Viwanda vilitafuta njia ya kuushinda uelekeo huo mmoja. Plaiwudi ni karatasi nyembamba za mti zilizobandikwa kwa kukingamana, kila tabaka likimzuia jirani yake asitanuke. Chipbodi na MDF zilikwenda mbali zaidi: zilivunjavunja mti kuwa vipande au nyuzi, zikazitawanya kila upande, zikazibandika upya. Kwa hiyo ubao wowote wa kiwandani una vitu viwili tu vya kuuliza. Nyuzi zake ni zipi, na gundi yake ni ipi? Watu wengi huuliza swali la kwanza wakasahau la pili, ilhali la pili ndilo linaloamua maisha ya ubao ndani ya nyumba.

Gundi inayotumika zaidi katika MDF na chipbodi za bei nafuu hutengenezwa kwa urea na formaldehaidi. Hukauka kwa mmenyuko wa kikemia ndani ya mashine ya joto, na ikishakauka haiyeyuki tena. Adui yake ni maji: unyevu na joto huurudisha mmenyuko nyuma polepole, gundi ikaanza kuvunjika na gesi ya formaldehaidi ikatoka. Ndiyo ile harufu inayochoma macho unapofungua kabati jipya. Na ule uvimbe wa kabati chini ya sinki, ambapo ubao umefura mpaka mlango haufungi, ni nyuzi zilizokunywa maji huku gundi iliyopaswa kuzibana ikiachia. Mwaka 2004 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka formaldehaidi katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Mtoto anayelala kwenye chumba kidogo kilichojaa samani za aina hiyo anastahili tuulize swali la gundi.

Sasa turudi kwenye paketi. Karatasi yake hutokana kwa sehemu kubwa na nyuzi ndefu za miti ya jamii ya misonobari, yaani selulosi ileile tuliyoianza nayo. Katika kutengeneza karatasi, sehemu kubwa ya lignini huondolewa, nyuzi zikabaki bila gundi yao ya asili. Kilicho mahali pa gundi ni ile plastiki, ambayo ni polithini, ya ukoo mmoja na mifuko iliyopigwa marufuku Kenya mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019. Molekuli ya polithini ni mnyororo mrefu wa kaboni uliozungukwa na haidrojeni, basi. Hauna mahali pa kuyashika maji. Hauhitaji mmenyuko wa kikemia ili ugande: ukipashwa moto, minyororo hulegea na kuteleza, ukipoa, hutulia na kushikana. Polithini laini ya paketi huyeyuka kwenye digrii 110 hivi za Selsiasi.

Namba hiyo ni ya bahati kubwa. Selulosi huanza kuharibika kwa kasi joto likipita digrii 200. Hubadilika rangi kuwa kahawia, hutoa harufu ya kuungua na kupoteza nguvu. Kati ya 110 na 200 kuna nafasi pana ambamo plastiki imeyeyuka na karatasi bado ni nzima, na mashine za kugandamiza bodi za paketi hufanya kazi humo, karibu na digrii 170. Kwa sababu hiyo hiyo huwezi kuchanganya chupa za soda na vumbi la mbao ukapata ubao kwa njia hii. Plastiki ya chupa za soda huyeyuka kwenye digrii 250 na zaidi, na kufikia hapo mbao zimeshaungua.

Kuna fumbo jingine, nalo ndilo lililonivutia zaidi katika jambo hili zima. Selulosi hupenda maji. Polithini ni ya jamii ya mafuta. Ukiyeyusha polithini ukaimwaga juu ya vumbi la mbao, huzunguka chembe za mbao bila kuzishika sawasawa, na ubao utakaopatikana utavunjikia kwenye mipaka hiyo. Viwanda vinavyochanganya plastiki na vumbi la mbao hulazimika kununua kemikali maalumu ya kuzipatanisha. Paketi imelivuka tatizo hilo kabla haijafika mikononi mwetu. Kiwandani, polithini hupakwa juu ya karatasi ikiwa na joto la karibu digrii 300. Kwa nukta ya sekunde inapopita hewani, uso wake hushikana na oksijeni na kupata sehemu ndogo zinazoweza kuing'ang'ania selulosi, kisha hugandamizwa ikaingia kwenye vinyweleo vya karatasi. Mshikamano mgumu, ule wa mafuta na kinachopenda maji, umeshatengenezwa na mtu mwenye mashine nzuri kuliko zetu. Anayetengeneza bodi amebakiwa na kazi rahisi: kushikanisha polithini ya kipande kimoja na polithini ya kipande kingine. Plastiki ya aina moja ikiyeyuka pamoja, minyororo ya upande huu huvuka mpaka na kujisokota na ya upande ule, na ikipoa hakuna tena mpaka.

Kwa hiyo utaratibu wenyewe ni mfupi. Paketi huoshwa, kwa sababu mabaki ya maziwa huoza na kunuka. Hukatwakatwa kuwa vipande vya milimita chache. Hukaushwa, na hapa pasifanyike haraka. Maji yaliyobaki ndani ya vipande hugeuka mvuke, na mvuke kwenye digrii 170 husukuma kwa nguvu inayokaribia mara nane ya msukumo wa hewa ya kawaida. Ukiifungua mashine bodi ikiwa bado moto, mvuke huo hupasua njia yake na kuacha malengelenge ndani. Bodi inapaswa kupoa ikiwa bado imebanwa, mpaka polithini iwe imeganda. Fundi asiye na subira hapa hupata bodi nzuri kwa macho, yenye mashimo yasiyoonekana.

Bodi moja ya futi nne kwa nane, unene wa milimita 12, ina ujazo wa lita 36 hivi. Tukichukua kwamba kila lita ya bodi hiyo ina uzito wa gramu 950, bodi nzima ni kilo 34, na paketi tupu ya lita moja ina uzito wa karibu gramu 30. Ni paketi zaidi ya 1,100 kwa bodi moja. Shule kubwa inayogawa maziwa huzitoa paketi za namna hiyo haraka sana. Wakenya waliosoma miaka ya themanini watakumbuka zile paketi za umbo la piramidi za Maziwa ya Nyayo. Umbo hilo lilikuwa la kwanza kabisa la kampuni ya Tetra Pak, iliyoanzishwa Uswidi mwaka 1951 na Ruben Rausing. Piramidi haionekani sana siku hizi, ila kanuni ya karatasi na polithini imebaki ileile.

Kilo 34 ni nyingi. Plaiwudi ya ukubwa huo ina uzito wa kilo 20 hivi. Bawaba na nguzo zichaguliwe kwa kukumbuka hilo.

Kuhusu maji na mchwa nitasema kwa ufupi, kwa kuwa hapo bodi ya paketi iko vizuri. Polithini imezifunika nyuzi, kwa hiyo maji huingia polepole sana kupitia uso wake. Yanapoingia ni kwenye kingo zilizokatwa na matundu ya skrubu, ambako nyuzi zimebaki wazi. Mchwa nao hula selulosi, na karatasi ni selulosi. Watapitia kingo hizo hizo. Paka kingo rangi ya mafuta, na bodi isiguse udongo.

Pagumu ni kwenye kupinda. Wahandisi hupima namna kitu kinavyokataa kupinda kwa gigapaskali. Mbao kwa urefu wake zina 10 hivi, plaiwudi nzuri ina 8 hivi. Polithini laini haifiki hata nusu ya gigapaskali. Bodi ya paketi huangukia katikati kutegemea ilivyotengenezwa. Tufanye hesabu na 2, yaani robo ya plaiwudi. Je, uongeze unene? Uwezo wa ubao kukataa kupinda hukua kwa mchemraba wa unene: ubao mnene mara mbili ni mkakamavu mara nane. Ili kufidia mara nne unahitaji unene wa mara 1.6. Plaiwudi ya milimita 18 ingehitaji bodi ya paketi ya milimita 29, na bodi hiyo ingekuwa na uzito wa kilo 80 na ushee. Hakuna fundi atakayekushukuru.

Njia bora iko kwenye nafasi kati ya nguzo. Mzigo ukiwa umesambaa, kupinda hukua kwa nafasi hiyo iliyozidishwa yenyewe mara nne. Punguza nafasi kwa nusu, kupinda kunapungua mara 16. Ili kufidia udhaifu wa mara nne inatosha kuzisogeza nguzo kutoka sentimita 60 hadi sentimita 42, unene ukibaki uleule wa milimita 18. Nguzo chache za ziada zinaokoa zaidi ya theluthi moja ya uzito. Wajenzi wa nyumba za mawe za Lamu walifuata sheria hii hii: vyumba vyao ni virefu na vyembamba kwa sababu upana wa chumba uliamuliwa na boriti ya mkoko, na boriti haikuruhusu upana wa zaidi ya mita tatu hivi.

Hesabu hiyo ni ya siku ya kwanza. Polithini ina tabia ambayo mbao zinayo kwa kiasi kidogo tu: ukiiwekea mzigo ukauacha, huendelea kupinda. Minyororo yake haijafungwa moja kwa nyingine, imesokotana tu, na hata kwenye joto la chumba huteleza kidogo kidogo, mwezi baada ya mwezi. Rafu ya vitabu iliyonyooka leo itakuwa imelegea katikati baada ya mwaka. Joto huharakisha mteremko huo. Chini ya bati lililopigwa na jua la mchana joto hupita digrii 60, na polithini yenye kiwango cha kuyeyuka cha 110 imeshalainika sana pale. Bodi hii isibebe mzigo darini. Kwenye ukuta wa kugawa vyumba inasimama wima na kubeba uzito wake tu, kwa hiyo tabia hiyo haina nafasi ya kuonekana. Kampuni ya EcoPost ya Kenya, iliyoanzishwa na Lorna Rutto, ilianza na nguzo za uzio za plastiki iliyorejelezwa, na ukizitazama kwa jicho la fizikia uchaguzi huo ni wa busara: nguzo ya uzio husimama wima na mzigo wake ni mdogo.

Nimeacha moto mwisho kwa sababu ndio ninaouhofia. Kilo moja ya mbao ikiungua hutoa megajuli 18 hivi za joto. Kilo ya polithini hutoa 46, sawa na mafuta ya taa, maana kikemia ni ndugu. Karatasi ni 16. Ukichanganya kwa uwiano wa paketi unapata megajuli 21 kwa kilo, tofauti ambayo haitishi, mpaka ukumbuke kwamba bodi yenyewe ni nzito zaidi: ile ya milimita 12 ina megajuli zaidi ya 700, wakati plaiwudi ya ukubwa huo ina 360. Kuna tofauti nyingine isiyo ya kiasi. Mbao zikiungua hujitengenezea ngozi ya mkaa inayopunguza kasi ya moto; polithini huyeyuka na kudondosha matone yanayowaka. Usiku wa tarehe 14 Juni 2017, jengo la Grenfell Tower jijini London liliteketea na watu 72 wakafa. Vibamba vilivyofunika kuta zake za nje vilikuwa karatasi mbili nyembamba za alumini zilizobeba polithini katikati. Alumini ya nje ilimfanya kila mtu aone chuma. Yeyote anayetaka kuuza ubao wenye polithini kwa ajili ya nyumba za watu anapaswa kuijua habari hiyo kwa undani.

Kuna dawa. Haidroksidi ya alumini ikichanganywa ndani ya bodi hutoa maji yake inapofika karibu digrii 200, na maji hayo hunyonya joto. Njia iliyo karibu zaidi nasi ni kuifunika bodi kwa jipsamu: asilimia 21 ya uzito wa madini ya jipsamu ni maji yaliyofungwa ndani ya fuwele, na moto lazima uyachemshe yote kabla haujapita. Hata hivyo nisingeiweka bodi hii jikoni nyuma ya jiko la mkaa au gesi, wala kwenye njia ya kutokea ya nyumba yenye ngazi moja.

Je, ni haki kuzigeuza nyuzi nzuri namna hiyo kuwa ubao? Palipo na kiwanda cha karatasi chenye mtambo wa kuloweka na kutenganisha, jibu langu ni hapana. Nyuzi ndefu zinaweza kurudi kuwa karatasi mara kadhaa, na mabaki ya polithini na alumini yakageuzwa vigae kama Brazil wanavyofanya. Lakini kiwanda hicho kinahitaji maji mengi na malori ya paketi kila siku. Mji wa Kigoma au Garissa hautakuwa nacho hivi karibuni, na kusafirisha paketi tupu kwa mamia ya kilomita ni kusafirisha hewa. Huko, mashine ya kukata na mashine ya kugandamiza zinatosha. Na bodi iliyochakaa inaweza kukatwa na kugandamizwa tena, jambo ambalo haliwezekani kwa MDF, kwani gundi yake ikishakauka haiyeyuki. Vumbi la msumeno nalo likusanywe lirudishwe kwenye mashine. Ni plastiki iliyosagwa, na likiachwa litaingia mtaroni na kuishia baharini.

Ukiletewa bodi ya aina hii, omba kipande cha upana wa kiganja na kingine kirefu kidogo. Pima unene wa kile kifupi, kiloweke saa 24, upime tena. Ongezeko la unene litakueleza jinsi kilivyogandamizwa. Kile kirefu kilaze juu ya matofali mawili, weka tofali la tatu katikati, weka alama ya kilipopinda, na usikiguse kwa wiki mbili. Kikiwa kimeshuka chini ya alama, umeuona mteremko wa polithini kwa macho yako. Kisha peleka kipande kidogo nje, mbali na nyumba na upepo, ukining'inize juu ya mchanga na ukiwashe pembeni. Kikizimika chenyewe moto ukiondolewa, muulize muuzaji aliweka nini ndani na akuonyeshe cheti cha kipimo cha moto. Kikiendelea kuwaka na kudondosha matone, kitakufaa kwa kabati la nguo, na ukuta wa jikoni ujenge kwa tofali.